Wa kusimama nyota tatu, wa kulala nyota nne: mishono yangu miwili ya kujifungua kwa upasuaji

Nianze na nyota kabisa, maana najua wengine mtasoma aya hii moja mkaenda zenu. Mshono wa kusimama, ule unaoshuka kutoka chini ya kitovu hadi kwenye kinena, naupa nyota tatu kati ya tano. Mshono wa kulala, ambao wengi mnauita wa bikini, nyota nne. Ninayo yote miwili tumboni, kila mmoja na mtoto wake, na ukiitazama kwa pamoja imechora nanga. Nyota tano sijaupa mshono wowote. Nimeipa karatasi ya maelezo ya upasuaji, ile ambayo daktari huiandika akishavua glavu na wengi wetu tunaruhusiwa kwenda nyumbani bila hata kuiona.

Mimi ni msusi. Mteja akikaa kwenye kiti saa nne tano, mazungumzo yatazunguka wee, mwishowe yatatua kwenye uzazi, na kama ni mjamzito swali huwa lilelile: "Dada, mimi nimeambiwa nitapasuliwa. Niombe mshono gani?" Anategemea nitaje mmoja tuendelee na mambo mengine. Nikiwa na kitana mdomoni siwezi kueleza vizuri, kwa hiyo leo nimekaa chini naandika.

Swali lenyewe lina maswali mawili ndani yake. Anayejifungua kwa upasuaji hukatwa ngozi, halafu hukatwa mfuko wa uzazi, na mikato hiyo miwili haina lazima ya kufuatana. Katikati kuna mafuta, kuna utando mgumu mweupe unaoshikilia misuli ya tumbo, kuna misuli yenyewe, kuna utando mwembamba unaofunika vitu vya ndani. Misuli kwa kawaida haikatwi. Inasukumwa kando, mmoja kushoto na mwingine kulia, na kazi ikiisha inarudi mahali pake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mshono wa kusimama nje, na ndani akawa amekatwa kwa kulala. Ndivyo nilivyo mimi kwa mtoto wa kwanza. Na kinyume chake kipo: nje bikini safi kabisa, ndani mfuko wa uzazi umepasuliwa wima hadi juu, kwa sababu mtoto alikuwa njiti na sehemu ya chini ya mfuko ilikuwa bado haijatanuka ya kutosha kupitisha kichwa.

Mimba inayofuata inauliza la ndani, haiulizi la ngozi. Mkato wa kulala wa chini unapita mahali ambapo ukuta wa mfuko wa uzazi ni mwembamba, damu si nyingi, na wakati wa uchungu hapakazi sana kama pale juu. Kovu lake hutulia. Takwimu zinazotumiwa na mabingwa wa uzazi wa Marekani zinasema mwenye kovu moja la aina hiyo akijaribu kujifungua kwa njia ya kawaida, uwezekano wa kovu kuachia ni kati ya asilimia 0.5 na 0.9, yaani haifiki hata mama 1 katika 100. Mkato wa wima unaopanda hadi sehemu ya juu ya mfuko, ule wa kizamani, wanauweka kati ya asilimia 4 na 9, na kovu lake linaweza kuachia hata kabla uchungu haujaanza. Aliyekatwa hivyo haambiwi asubiri dalili. Mimba inayofuata hupangiwa upasuaji wiki ya 36 au 37.

Sasa sikia yaliyonikuta. Nikiwa na mimba ya pili nilikwenda kliniki, nesi akanilaza, akapandisha blauzi, akauona mstari wangu.

"Mama, wewe ni kisu tena. Na uchungu usiuonje kabisa, kizazi kitapasuka."

"Sista, umejuaje?"

"Si huu hapa?" Akaugusa kwa ncha ya kidole, kisha akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu. Faili langu lilikuwa pale mezani, limefungwa.

Sitaji ni wapi, na sidhani ni yeye peke yake mwenye mazoea hayo. Lakini usiku ule sikulala. Kila mtoto aliponyoosha mguu nilidhani kovu linaachia. Ziara iliyofuata nikamkuta daktari bingwa, mtu mzima wa maneno machache, akaomba faili, akapekua mpaka akalifikia karatasi la upasuaji wa kwanza. Akalisoma, kisha akanigeuzia na kuweka kalamu chini ya mstari mmoja: ngozi, wima, chini ya kitovu, mfuko wa uzazi, mlalo, sehemu ya chini, hakuna upanuzi.

"Huu wa nje haunihusu, mama," akasema. "Ninaoutafuta mimi ni wa ndani, na wa ndani umekatwa vizuri."

Yale maneno mawili ya mwisho, hakuna upanuzi, ndiyo nisiyoyaelewa hadi nilipouliza. Wakati mwingine mkato wa kulala unakuwa haumtoshi mtoto, daktari analazimika kuongeza wa kupanda juu, kovu linatoka na umbo la herufi T au J. Huyo huhesabiwa kwenye hatari karibu sawa na aliyepasuliwa wima. Nje utaona bikini yako nzuri na hutajua lolote.

Nimeiambia hadithi hii kwa wateja wengi kiasi kwamba msaidizi wangu anaimalizia yeye.

Haya, tuje kwenye tathmini yenyewe. Mshono wa kusimama.

Kwa mtoto wa kwanza kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati. Damu ilianza, tumbo likakaza likagoma kulegea, mapigo ya moyo ya mtoto yakawa yanashuka. Pale hakuna kuchagua mshono. Fomu ya ridhaa niliitia saini nikiwa kwenye kitanda kinachosukumwa, na nilipokuja kuiona baadaye kwenye faili, jina langu limeanzia kwenye mstari likaishia pembeni kabisa juu ya nembo.

Uzuri wa mshono wa kusimama ni kwamba unampeleka daktari ndani bila kuzunguka. Katikati ya tumbo, pale misuli miwili inapokutana, mishipa ya damu ni michache na hakuna matabaka mengi ya kubanduana. Pia unapanuka: mambo yakiharibika, anaongeza juu, akapita kando ya kitovu, akaona tumbo lote. Ndiyo maana ukisikia mtu kondo lake limejichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuna uwezekano kizazi kikatolewa palepale, usishangae akiambiwa wima. Ukisikia ni mnene sana na mkunjo wa tumbo unafunika kinena, daktari naye anaweza kukwepa kukata chini ya mkunjo, mahali penye joto na unyevu. Hizo ni sababu za maana, na mtu asije akaziita za kizamani.

Kwenye kasi, hata hivyo, sifa zake zimetiwa chumvi. Walipolinganisha kwa wingi huko Marekani, tofauti ya muda tangu kisu kiguse ngozi hadi mtoto atoke ilikuwa kama dakika 1 au 2, na watoto waliotolewa kwa wima hawakuonekana kuwa na hali bora zaidi kwa ajili ya hizo dakika. Daktari aliyezoea mkato wa kulala anaingia haraka vilevile. Mazoea ya mkono wa mpasuaji yana uzito mkubwa hapa, na wangu wa kwanza alikuwa wa shule ya wima. Kwa hali niliyokuwa nayo sikumlaumu na hadi leo simlaumu.

Ubaya wake nimeubeba mwenyewe. Kikohozi, kwanza. Ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka, tumbo linavutwa kushoto na kulia, na mshono uko katikati ya mvutano huo huo. Nilikuwa natembea na mto wa mtoto, nikihisi kikohozi kinakuja naukandamiza tumboni kwa mikono miwili, nasubiri. Wageni waliokuja na vichekesho niliwaomba wawahi kuondoka. Kuamka kitandani ilikuwa ni kugeuka ubavu, kushusha miguu, kujisukuma kwa kiwiko. Ukijaribu kuinuka moja kwa moja utaona nyota za mchana, na hizo sizihesabu kwenye zile tatu.

Halafu kunyonyesha. Hili hakuna aliyeniambia. Ukimlaza mtoto mapajani kwa kawaida, visigino vyake vinafika kwenye mshono barabara, na mtoto mwenye njaa anapiga teke. Mkunga mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyenionyesha kumshika kwapani, mwili wake ukipita ubavuni mwangu na miguu ikielekea nyuma. Huyo mkunga naye nampa tano, ila hatukuwa tunamjadili yeye.

Mshono wa kusimama pia ndio unaojulikana zaidi kwa kufumuka na kwa henia baadaye, utumbo kujipenyeza palipo dhaifu. Mimi henia sikupata. Nilichopata ni kovu lililonenepa katikati, upana wa kidole, linalowasha jasho likianza kunitoka saluni mchana. Ngozi yangu ni ya kuota makovu hata nikitoboa sikio, kwa hiyo sehemu ya lawama ni ya ngozi.

Nyota tatu, basi. Mtoto alilia, mimi nikaamka. Kushusha hadi mbili ningekuwa mchoyo.

Mtoto wa pili alikaa makalio chini. Daktari aliniambia kumgeuza kwa mikono kutokea nje kunawezekana kwa baadhi ya akina mama, lakini maji ya uzazi kwangu yalikuwa kidogo, tukaona tusijaribu. Tukapanga upasuaji wa wiki ya 39, mapafu ya mtoto yawe yamekomaa. Na kwa kuwa safari hii hapakuwa na haraka, ndiyo nikaulizwa lile swali ambalo wateja wangu wanadhani kila mtu huulizwa: unataka nipite wapi?

Alichukua bahasha ya picha za ultrasaundi, nyuma yake akachora tumbo, kitovu, na mistari miwili.

"Nikipita palepale," akasema, "utabaki na kovu moja. Hili la zamani nalikata, naliondoa, nashona upya. Nikipita chini unaongeza kovu la pili, lakini maumivu yanapungua na henia inakuwa nadra. Kasoro yake ni hapa," akaweka nukta mistari ilipokutana. "Pana kovu juu na kovu chini, damu haifiki vizuri. Panaweza kuchelewa kupona."

"Na ndani, daktari? Nachagua pia?"

"Ndani ni uamuzi wangu na wa mtoto alivyokaa. Nitapita chini kwa kulala kama ilivyokuwa, isipokuwa nikikuta kitu cha kunizuia. Ngozi ndiyo tunayoweza kuzungumza."

Hapo ndipo mpaka ulipo, na ningependa kila mjamzito aujue kabla hajaingia na orodha ya maombi. Ngozi, kama hakuna kinachozuia, ina nafasi ya mazungumzo. Mfuko wa uzazi unaamuliwa na umri wa mimba, mahali kondo lilipojishika, uvimbe kama upo, na namna mtoto alivyolala. Akiwa amelala kukingama huku mgongo ukiangalia chini, kwa mfano, mpasuaji huenda asipate mguu wa kushika kupitia mkato mdogo wa chini. Unachoweza kudai huku ndani ni kuelezwa, kabla na baada.

Nilichagua wa kulala. Sababu ya kwanza ilikuwa kikohozi. Ya pili ni kazi: mimi nasimama, nainama, naegemea mgongo wa kiti cha mteja kutwa nzima. Urembo ulikuwa wa mwisho kabisa, ukizingatia tayari nilikuwa na mstari wa wima usiojificha.

Kumbe hata wa kulala una aina zake. Maarufu zaidi ni wa Pfannenstiel, bingwa wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1900: umepinda kidogo kama tabasamu, uko kama vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, na nywele zikiota unajificha humo. Huu ndio picha iliyo kichwani mwa mtu anaposema bikini. Wa pili unaitwa wa Joel-Cohen. Umenyooka, haujapinda, na unakaa juu kidogo ya ule wa Pfannenstiel. Kilichoupa sifa si mahali tu bali namna ya kuingia: ngozi inakatwa, utando mgumu unatobolewa katikati, halafu kazi kubwa inafanywa na vidole. Daktari anavuta matabaka kushoto na kulia yakaachana yenyewe badala ya kuyafuata kwa makali. Michael Stark na wenzake katika hospitali ya Misgav Ladach, Jerusalem, ndio walioujengea utaratibu mzima wa upasuaji ambao leo unajulikana kwa jina la hospitali hiyo.

Ukilinganishwa na Pfannenstiel wa kawaida, njia ya Joel-Cohen imeonekana kumwaga damu kidogo zaidi, kuchukua muda mfupi, kuleta homa chache na maumivu pungufu baada ya upasuaji. Mwongozo wa Uingereza kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua unaupendekeza wazi. Ndio niliofanyiwa. Nikiwa nimelala nyuma ya pazia la kijani, ganzi ya mgongo imeshika, sikuhisi makali. Nilihisi kuvutwa, mwili mzima ukitikisika kushoto na kulia kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Mtu wa ganzi aliyekuwa kichwani kwangu akaniambia, "Tulia dada, ndio wanapanua." Ningekuwa sijasoma kabla ningedhani wanagombana humo ndani. Mwambieni anayekwenda: utavutwa, na ni kawaida.

Tofauti niliiona nilipokohoa mara ya kwanza wodini. Nilikuwa nimeshashika mto kwa mazoea. Kikohozi kikaja, kikapita. Kiliuma, ndiyo, lakini kiliuma chini huko, mahali pamoja, hakikunipasua kutoka juu hadi chini. Kuamka kitandani bado niligeuka ubavu, ila nilisimama nimenyooka mapema zaidi, na mtoto nikamlaza mapajani apige mateke yake apendavyo kwa sababu mshono ulikuwa chini ya miguu yake.

Ushonaji nao una la kusema. Wa kwanza nilishonwa kwa nyuzi za nailoni za kutolewa. Nesi anashika fundo kwa koleo, anakata upande mmoja, anavuta, na wewe unahesabu. Wa pili ulikuwa uzi mmoja unaopita chini ya ngozi na kuyeyuka wenyewe. Hakuna cha kutoa. Kuna wanaofungwa kwa pini za chuma: zinamwokolea mpasuaji dakika, lakini vidonda vilivyofungwa kwa pini vimeonekana kuachia mara nyingi zaidi kuliko vilivyoshonwa kwa uzi wa chini ya ngozi. Na kama mafuta ya tumbo yana unene wa sentimita 2 au zaidi, yashonwe nayo, yasiachwe na uwazi wa kukusanya majimaji. Haya mtu anaweza kuyauliza kabla bila kumkera yeyote: nitashonwa kwa nini, kuna kitakachotolewa?

Na hapa naongea kama msusi. Usijinyoe kinena kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji eti unamrahisishia daktari. Wembe unaacha vijeraha ambavyo jicho halivioni, na vijidudu vinapata mlango. Kama nywele lazima zipungue, zikatwe kwa mashine hospitalini. Nimewaona wateja wakija kutaka niwasaidie kupanga "usafi wa upasuaji" na nawarudisha. Kilicho na faida ya kweli ni antibayotiki kuingia mwilini kabla kisu hakijagusa ngozi. Hilo muulize nesi anayekuandaa. Jibu lake linapaswa kuwa fupi.

Nirudi kwenye karatasi. Kabla ya kuruhusiwa mara ya pili niliomba nione maelezo ya upasuaji, nikapiga picha kwa simu, picha nikamtumia pia dada yangu aiweke kwake. Nesi wa zamu aliniuliza ya nini. Nikamwambia ya kumwonyesha atakayenipandisha blauzi. Vitu vya kutafuta humo ni vichache: ngozi ilikatwa vipi, mfuko wa uzazi ulikatwa vipi na sehemu gani, kama mkato uliongezwa au ulichanika, kondo lilikuwa wapi, damu ilipotea kiasi gani. Mwandiko ukikushinda, mwombe daktari akusomee ukiwa umesimama hapo. Ukiruhusiwa bila kuelezwa, rudi kitengo cha kumbukumbu uombe. Ni habari za mwili wako.

Hili nalo niliambiwa na nalipitisha kama lilivyo: mshono uwe wa kusimama au wa kulala, idadi ya upasuaji ina hesabu yake peke yake. Kila kovu kwenye mfuko wa uzazi linaongeza uwezekano wa kondo la mimba ijayo kujishika pabaya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwaangalia wanawake ambao kondo limefunika mlango wa kizazi: kwenye upasuaji wa kwanza, kama asilimia 3 yao kondo lilikuwa limejichimbia ukutani, kwenye wa pili, asilimia 11, kwenye wa tatu, asilimia 40. Nilipoona namba hizo nilizungumza na mume wangu, na kwenye upasuaji wa pili nikafungwa mirija kupitia mkato uleule. Wengine watataka watoto zaidi na ni haki yao. Mimi nilishatosheka, na ilichukua dakika chache ambazo hata sikuzitambua.

Imebaki nieleze nyota niliyoinyima mshono wa kulala. Kwanza ile nukta ya kwenye bahasha, pale mistari inapokutana: ilichelewa kufunga kama nilivyoonywa, ikawa inatoa majimaji, na nilikuwa narudi kusafishwa wakati kwingine kote kumeshakauka. Pili ni unyevu. Mkunjo wa tumbo baada ya kuzaa unalalia juu ya mshono, na usipokausha vizuri ukitoka kuoga panachacha. Nilikuwa nalala chali nimeinua mkunjo kwa kiganja, napepea. Kona ya kulia ilikuwa ikichoma ghafla nikigeuka kuchukua kitana, kwa sababu kuna neva zinazopita mwisho wa mkato huo. Na ngozi iliyo juu ya kovu, eneo la kiganja hivi, imebaki na ganzi. Nikiikuna naona mkono unakuna lakini siisikii, kisha mwasho unakuja kutokea mahali pengine kabisa.

Kwa anayevaa suruali: wa Joel-Cohen unakaa juu kuliko unavyotegemea, na kifungo cha suruali ya kiuno kifupi kinaangukia juu yake hasa. Mimi nimezigawa zote. Chupi nazo nunua zinazofika kitovuni, za pamba, saizi moja zaidi ya yako, na uzinunue kabla hujaenda kujifungua.